Usaili wa kiangazi, theluji magotini

Leo safu ya matembezi inakupeleka mbali kidogo, jimbo la Maine, kule kwenye kona ya juu kabisa ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Ukisogea hatua mbili zaidi, umeshaingia Kanada. Sitakupeleka kuona maghorofa, maana huko maghorofa ya kukuvunja shingo hakuna. Nakupeleka kwenye banda la zamani la kuhifadhia majani ya ng'ombe, mahali ambapo watu wazima na akili zao walipanga foleni kwenye baridi kali ili wapate dakika moja na nusu ya kuangaliwa.

Ilikuwa Machi 2025. Mimi nilikuwa nimefikia kwa mama mdogo, mjini Portland, mji wa bandari wenye kamba wakubwa na upepo usio na adabu. Kitu cha kwanza kilichonishangaza pale ni Kiswahili. Unapanda basi, unasikia nyuma yako mtu anagombana kwa simu kwa Kiswahili. Unaingia dukani kununua mkate, dada wa kwenye mashine ya hela anasema "aksanti". Ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Mwaka 2019 walifika wengi kwa mkupuo, zaidi ya watu 400 kwa wiki chache, waliokatisha Amerika ya Kati kwa miguu na mabasi, na serikali ya mji ikawalaza kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Wengine wakabaki. Kwa hiyo usidhani nilikuwa mpweke.

Kwenye nyumba ya mama mdogo, ghorofa ya juu, alipanga dada mmoja kutoka Bukavu. Jina lake nalihifadhi, nitamwita Dada tu, kama nilivyokuwa namwita. Umri miaka 27, mrefu, anatembea kama mtu aliyechelewa, na ana sauti ambayo akiimba bafuni mama mdogo anapunguza redio. Mimi aliniita "peti", yaani mdogo wake kwa Kifaransa chao, ingawa tumepishana miaka mitatu tu. Kazi yake ilikuwa kufanya usafi kwenye hoteli. Alikuwa ameomba hifadhi, na wakati huo sheria ya kule ilikutaka ukae miezi 6 baada ya kupeleka maombi yako ndipo upate kibali cha kazi. Dada alikuwa ameshakipata, amekilaminisha na kukiweka kwenye pochi pamoja na picha ya mama yake.

Jioni moja akashuka na karatasi mkononi. "Peti, Jumamosi utanisindikiza?"

"Wapi, dada?"

"Kwa teyatre. Banatafuta batu ba kucheza kiangazi yote."

Nikacheka. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, wao wanaongelea kiangazi! Lakini ndivyo mambo yanavyokwenda. Msimu ni Juni mpaka Agosti, watu wanatafutwa wakati barafu haijayeyuka.

Basi bwana, Jumamosi saa 11 alfajiri tukaondoka na Toyota ya kuazima ambayo hita yake ilikuwa inapuliza upande wa dereva peke yake. Mimi abiria nikajifunga blanketi la mtoto wa mama mdogo, lenye picha za dubu. Barabara ni pana, imesafishwa, pembeni theluji imelundikwa kama chumvi ya Bagamoyo. Ukifika Freeport unaona kiatu, buti kubwa kupita daladala, limesimamishwa nje ya duka maarufu la nguo za porini. Nikamwomba Dada asimame nipige picha, akanijibu kwamba tukichelewa nitalala ndani ya hicho kiatu. Tukapita Brunswick, tukapita Augusta, ambao ndio makao makuu ya jimbo ingawa ukipepesa macho umeshaupita. Baada ya hapo ni misonobari tu na mabango ya njano yanayokuonya kuhusu musi, mnyama kama swala aliyekula chumvi nyingi, mkubwa kuliko ng'ombe, ambaye usiku anavuka barabara polepole bila kuogopa taa za gari.

Tulipoiacha lami kubwa tukaingia njia ya vijijini, na hapo ndipo nilipojua kwamba Wamarekani nao wana tope. Theluji ikianza kuyeyuka mchana na kuganda usiku, barabara za udongo zinakuwa uji, na wenyeji wanauita wakati huo msimu wa matope, msimu kamili unaojitegemea kama masika yetu. Tulikwama mara moja. Mzee mmoja mwenye trekta akatuvuta, hakutaka hata senti, akauliza tu tunakwenda wapi. Dada alipomwambia, mzee akatabasamu. "Mke wangu aliwahi kuuza tiketi pale," akasema, "miaka hiyo."

Lile banda lipo kando ya ziwa. Jina la mahali silitaji kwa sababu utakayoiona mbele. Ni jengo la mbao lililopakwa rangi nyekundu, paa limebinuka, pembeni kuna vijumba vya wasanii ambavyo wakati huo vilikuwa vimefungwa mbao madirishani. Ziwa lenyewe lilikuwa limeganda. Katikati yake kulikuwa na vibanda vidogo vya wavuvi, watu wametoboa barafu wamekaa wanasubiri samaki na chupa za kahawa. Nikajiuliza hivi hapa nani anakuja kutazama mchezo?

Jibu lake ni historia kidogo, nivumilie. Zamani, kabla ya viyoyozi, kumbi za maonyesho za New York zilikuwa zinafungwa wakati wa joto maana ndani kulikuwa jiko. Waigizaji wanabaki hawana kazi. Wakati huohuo matajiri wa mjini nao wanakimbia joto, wanakwenda milimani, kwenye maziwa na ufukweni. Basi waigizaji wakawafuata hukohuko. Humo humo Maine, kando ya ziwa karibu na mji wa Skowhegan, ukumbi wa Lakewood ulianza maigizo mwaka 1901. Rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, wakachukua nyumba ya ibada ya zamani, wakaihamisha wakaifanya ukumbi, Cape Playhouse, mwaka 1927. Bette Davis, yule nyota mkubwa wa sinema, pale alianza kwa kuwaonyesha watu viti vyao. Henry Fonda na James Stewart nao walipitia kikundi cha vijana kwenye rasi hiyohiyo kati ya 1928 na 1932, hawajulikani na mtu.

Lakini kisa kinachonifurahisha mimi ni cha Barter Theatre, kule Abingdon, Virginia. Ilifunguliwa 1933, wakati uchumi wa dunia umelala chali na watu hawana hela. Kiingilio kilikuwa senti 40, na kama huna, leta mboga, maziwa, kuku au nguruwe vya thamani hiyo. Waigizaji wakala walichoigizia. Inasimuliwa kwamba hata waandishi wa michezo walikuwa wanalipwa paja la nguruwe, na George Bernard Shaw, ambaye hakula nyama, akaomba apewe mchicha badala yake.

Mtindo wenyewe wanauita stoki, na ni stoki kweli kama ya duka la Mangi. Bidhaa ni zilezile, kila wiki unazipanga upya kwenye rafu. Kikundi kimoja cha wasanii kinakaa kiangazi chote. Usiku wanacheza mchezo huu, mchana wanafanya mazoezi ya mchezo ujao. Aliyekuwa mfalme wiki iliyopita, wiki hii ni mpishi. Katikati hapo wanagongelea misumari jukwaa, wanashona nguo, wanafagia. Siku hizi kumbi nyingi zinacheza mchezo mmoja wiki mbili tatu kabla ya kuubadilisha, lakini kazi ndiyo hiyohiyo. Kwa hiyo anayewasaili haangalii sauti peke yake. Anataka mtu ambaye wiki ya saba, hajalala, amevimba miguu, bado atamsalimia mwenzake asubuhi.

Tukaingia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya vumbi, mbao na kahawa iliyoungua. Watu kama 40 wamekaa kwenye viti vya kukunja, kila mmoja anaongea na ukuta. Nasema kweli! Mmoja analia, mwingine anamtukana baba yake ambaye hayupo, binti mmoja amepiga magoti anamwomba radiata msamaha. Ungeingizwa pale umefumbwa macho ungedhani ni wodi. Kumbe wanarudia vipande vyao.

Mlangoni amekaa mama mwenye sweta la kijani na daftari. Akatupa kalamu. Mimi nikajua ni daftari la wageni, kama pale kwenye geti la ofisi yoyote ya Bongo unapoandika jina, unakotoka na unamtaka nani. Nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri. Mama akanibandika karatasi kifuani, namba 31. Dada alikuwa 30. Nikamwuliza ya nini, akasema labda ni ya chai.

Fomu aliyojaza Dada niliisoma begani kwake. Urefu. Sauti ya juu au ya chini. Unaweza kuendesha gari? Unaweza kushika nyundo? Unapiga chombo gani? Unaogopa kupanda juu? Tarehe gani kati ya Juni 9 na Agosti 17 huwezi kuwepo? Swali hili la mwisho alilikazia macho muda mrefu, halafu akaandika: hakuna.

Utaratibu ulikuwa hivi. Unaitwa namba, unapanda jukwaani. Karatasi ya wasifu wako, iliyopigwa pini nyuma ya picha ya sura yako, inakwenda kwenye meza ambayo wamekaa watu watatu, mwongozaji, mwalimu wa muziki na mwalimu wa kucheza. Pembeni kabisa, kijana mwenye saa ya kubonyeza. Unataja jina na namba. Ukitamka neno la kwanza la kipande chako, saa inaanza, sekunde 90 za maneno na wimbo kwa pamoja. Wimbo wenyewe unakatwa kipande kifupi tu, kile kinachoonyesha sauti yako inafika wapi. Ukimaliza unasema asante. Usipomaliza, yule kijana anasema asante kwa niaba yako.

Hakuna anayepewa sekunde ya ziada. Alipanda kijana mzuri kama tangazo la dawa ya meno, amevaa viatu vya bei, ikaonekana wanamfahamu maana mwongozaji alimwita kwa jina. Sekunde ya 90, "Asante." Akaja mzee wa miaka 60 na kitu, mfanyakazi wa posta, mikono inatetemeka. Sekunde 90, "Asante." Sauti ileile, uso uleule.

Msomaji wangu, hapo moyo wangu ulirudi nyumbani kidogo. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kwenye usaili wa kikundi kimoja cha maigizo, Dar es Salaam, jina nalificha. Tulilipa shilingi 10,000 za fomu. Tumekaa juani kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni, tunanunua maji kwa zamu. Wanaoitwa ni wale wanaoingia kwa mlango wa nyuma. Nilipofikiwa, mwongozaji alikuwa anakula chipsi, akaniambia nicheke, nikacheka, akaniambia nilie, kabla sijaanza kulia simu yake ikaita. "Tutakupigia." Hadi leo nasubiri. Mimi ni nafuu. Binti wa mtaani kwetu aliambiwa arudi jioni, peke yake, kwa usaili wa pili, na mahali penyewe ni gesti. Hakwenda, na nafasi hakupata. Ndiyo maana ile saa ya kubonyeza niliiangalia kama mtu anavyoangalia mvua baada ya kiangazi.

"Thelathini!"

Dada akavua koti. Ndani alivaa gauni la bluu la kanisani na viatu vya raba, kwa sababu vile vya kisigino vilikuwa vimeingia tope tulipokwama. Akasimama katikati ya jukwaa. Alikuwa amefundishwa na mtu wa maktaba ya Portland kwamba usimwangalie msaili machoni, chagua sehemu juu ya kichwa chake useme nayo. Akachagua. Alikuwa na kipande cha mwanamke anayemuaga mumewe, kutoka mchezo wa zamani wa Ulaya. Kiingereza chake kina Bukavu ndani, r zake zinakunja kona. Nilimwona mwalimu wa muziki ameinua kichwa kwenye karatasi.

Halafu wimbo. Mpiga piano akaanza, na akaanza haraka, mno. Ulikuwa wimbo wa zamani wa Broadway, wa taratibu, yeye anaupiga kama anawahi basi. Sekunde zinakwenda. Wengine wawili kabla yake yaliwakuta hayohayo, wakakimbizana na piano mpaka wakaanguka. Dada akanyoosha mkono. "Samahani, bwana." Piano ikanyamaza. Akampigia vidole, pole pole, moja, mbili, tatu, nne, akatikisa kichwa. Wakaanza upya.

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia theluji ikiporomoka kwenye paa. Sijui muziki, sitakudanganya kwamba ilikuwa hivi au vile. Ninachojua yule binti wa kwenye radiata alisimama. Dada akapanda na ule wimbo, akafika karibu na kile kilele, amevuta pumzi, amefungua mdomo.

"Asante."

Ile saa haikusimama wakati anasahihisha piano. Sekunde zake alizitumia yeye mwenyewe. Akafunga mdomo, akainama kidogo, akashuka na sauti yake tumboni.

"Thelathini na moja!"

Mimi nageuka kumpa Dada koti. "Thelathini na moja!" Mama wa sweta la kijani ananionyesha kidole. Ndipo nilipoikumbuka ile karatasi kifuani. Nikapanda ili niwaeleze kwamba mimi ni mgeni, viza yangu hairuhusu kazi hata ya kuigiza maiti. Yule kijana wa saa akaniambia kwa upole, "Ukiwa tayari." Na wewe unajua ukisimama juu ya jukwaa watu 40 wanakuangalia, akili inahama. Kilichonijia ni mchezo wa shule, kidato cha tatu, ambapo nilikuwa mzee wa kijiji anayegomba kuhusu mahari. Nikaukunja mgongo. Nikagomba. Kwa Kiswahili! Nikawatukana wakwe, nikakataa mbuzi mmoja kwa sababu ana jicho bovu, nikatema mate pembeni. Kutoka nyuma ya ukumbi nikasikia Dada anajizuia kucheka.

Wale watatu walinisikiliza. Hawakucheka, hawakunong'onezana, yule mwongozaji aliandika kitu. Sekunde 90, "Asante." Nikashuka nimelowa jasho, mara ya kwanza tangu nifike Maine.

Saa 8 mchana karatasi ikabandikwa mlangoni, namba 14 za watakaoendelea. Namba 31 haikuwepo, usinicheke. Namba 30 ilikuwepo. Dada aliisoma mara mbili, akaigusa kwa kidole, akaniambia niisome mimi.

Wakarudishwa kwa ajili ya kucheza. Hatua nane, halafu nane nyingine, mwalimu anaonyesha mara tatu tu. Dada akakosea, wote wamegeuka kushoto yeye amegeuka kulia, akamgonga namba 12, kijana mwekundu mwenye miwani, miwani ikaruka. Wakaiokota wote wawili, wanacheka, wakaingia kwenye hatua ya sita kama vile hakuna kilichotokea. Nilimwona mwalimu wa kucheza anamgusa mwongozaji kiwiko. Njia nzima ya kurudi Dada alikuwa ananiambia kwamba ameharibu. Mimi nikawaza kwamba pale ndipo alipopata.

Na alipata. Barua ilifika baada ya siku 9. Kikosi cha wasanii, michezo mitano, wiki 10, kitanda kwenye kijumba cha watu wanne, na posho ya dola 275 kwa wiki.

Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka jirani Mmarekani akaja kuuliza kama kuna moto. Dada akapanda juu. Baadaye akashuka, akageuza bahasha, akaomba kalamu.

Hotelini alikuwa analipwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, jumla 680. Mwaka huo kima cha chini cha jimbo la Maine kilikuwa dola 14.65 kwa saa, kwa hiyo hakuwa anaringa nazo, ni hela ya kawaida. Wiki 10 za hoteli, 6,800. Wiki 10 za ukumbi, 2,750. Pengo, 4,050. Na chumba cha Portland lazima akilipie la sivyo akirudi Agosti amekikosa, pamoja na kazi. Unauliza inakuwaje watu walipwe hivyo Marekani, nchi ya sheria? Sheria ya shirikisho ya kima cha chini inaziacha nje sehemu za burudani za msimu ambazo hazifanyi kazi zaidi ya miezi 7 kwa mwaka. Na kwenye maigizo tangu zamani vijana wamekuwa wakipewa kitanda na uzoefu, halafu wazazi wanatuma zilizobaki. Yule mwenye viatu vya bei atatumiwa.

Kwa Dada hela ilikuwa inakwenda upande mwingine. Mwisho wa Januari mwaka huo M23 waliingia Goma, katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Benki zikafungwa. Mama yake alikuwa anavuka mpaka kwenda upande wa Rwanda kupokea kile anachotumiwa na binti yake, akirudi anakificha kwenye nguo. Kuna wadogo watatu pale. Ile bahasha ilikuwa na hesabu upande mmoja, na upande mwingine jina la ukumbi kwa maandishi ya kuvutia.

"Saa ilikuwa sawa kwa batu bote," akaniambia. "Hii haiko sawa."

Ijumaa alipiga simu. Nilikuwepo jikoni, namenya viazi. Akaomba kama anaweza kucheza mchezo mmoja tu, ule wa mwisho, atachukua likizo yake ya siku chache na kubadilishana zamu na wenzake. Yule mwongozaji, kwa haki yake, alimsikiliza muda mrefu. Akamweleza kwamba kikosi ni kimoja, anayecheza wa tano ndiye aliyejenga jukwaa la wa kwanza, hana hela ya kuwalipa wa pembeni. Akamwambia ajaribu tena mwaka unaofuata. Dada akasema asante. Akakata simu, akachukua kisu cha pili, tukamalizia viazi.

Julai, wiki moja kabla sijapanda ndege ya kurudi, Dada akagonga mlango. Siku ya mapumziko, gari kaazima tena, hita safari hii haihitajiki. Ile njia sikuitambua. Tope limekauka, majani yamefunika kila kitu, mbu wakubwa kama wa Rufiji, na lile ziwa lililokuwa limekauka kama saruji sasa watoto wanarukia humo. Maegesho yamejaa magari ya majimbo mengine. Vijumba vimefunguliwa, kamba zina nguo za wasanii zinakauka, soksi, mabawa ya malaika, upanga wa mbao.

Mlangoni yule mama wa sweta la kijani, sasa kavaa gauni la maua, akaniangalia usoni. "Thelathini na moja!" akasema. Akataka kujua yule mbuzi hatimaye ilikuwaje.

Tiketi ilikuwa dola 38 kila mmoja. Nilitoa hela yangu, Dada akaurudisha mkono wangu mfukoni, akalipa zote mbili. Tukakaa mstari wa mwisho. Namba 12 alikuwepo, hana miwani, anacheza mhudumu wa hoteli, na ile hatua ya kugeuka aliikosea kushoto kulia, watu wakapiga makofi wakidhani ni ya makusudi. Katikati ya mchezo binti mmoja akaimba ule wimbo wa taratibu. Ulikuwa kwenye mchezo huo. Ndiyo sababu Dada aliuchagua, kumbe alikuwa amesoma ratiba yao yote tangu Februari. Binti aliimba vizuri, sina la kusema. Alipokikaribia kile kilele nikasikia pembeni yangu Dada amevuta pumzi, halafu sauti ikatoka, ya chini sana, kiasi cha kusikiwa na mimi na bwana mmoja wa mbele ambaye aligeuka, akatuangalia, akageukia jukwaani tena.

Tulirudi Portland saa 7 usiku. Zamu yake ilianza saa 12 asubuhi.